Gitaa linavuma: je, dawa ni kubadilisha pikapu?

"Shikamoo fundi. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Morogoro. Gitaa langu ni la umbo la Stratocaster, la bei nafuu, lina pikapu tatu za koili moja, vile vifaa vya chini ya nyuzi vinavyodaka mlio, na swichi ya nafasi tano. Linavuma sana, hasa tukipiga kwa jenereta kwenye mikutano ya nje. Nikishika nyuzi mvumo unapungua lakini hauishi, na nikigeuka upande mwingine unabadilika. Rafiki yangu anasema nitoe pikapu zote niweke hambaka, yaani pikapu za koili mbili, za kilo-omu 16, kwamba zina nguvu kuliko zangu zinazopima 6, na mvumo utaisha kabisa. Fundi redio wa mtaani amekubali kuzifunga. Naogopa kuharibu gitaa, maana ndilo pekee nililo nalo, na mlio wake ukiwa safi naupenda. Halafu mara nyingine nikiimba huku napiga, maiki inanipiga shoti mdomoni. Sijui kama vinahusiana. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Shoti ya maiki umeitaja mwishoni, lakini mimi naanza nayo. Mengine yote uliyouliza yanaweza kusubiri hata mwaka mzima. Hilo haliwezi kusubiri Jumapili ijayo.

Ndani ya gitaa lako kuna waya unaotoka kwenye chuma kinachoshika springi, kule nyuma, hadi kwenye mgongo wa poti ya volyumu, kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti. Kwa waya huo nyuzi zako zimeungana na kebo, kebo imeungana na bodi la chuma la amplifaya, na bodi hilo linatakiwa liwe limeungana na ethi ya jengo, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Maiki nayo imeungana na ethi kupitia mixer. Vyote viwili vikiwa kwenye ethi moja iliyo nzima, kati ya vidole vyako na mdomo wako hakuna tofauti ya volti, na shoti haipo. Kimoja kikikosa ethi, mwili wako ndio unaokuwa njia ya umeme. Mei 1972, mpigaji gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maiki kwenye mitambo ambayo ethi yake haikuwa sawa. Alikuwa anafanya unachofanya wewe.

Sababu zake huku kwetu tunazijua wote. Plagi ya pini mbili inasukumwa ukutani baada ya tundu la juu kufunguliwa kwa kalamu. Ekstensheni ina matundu matatu kwa nje, lakini ndani nyaya ni mbili tu. Jenereta linawekwa uwanjani na nyaya zinavutwa bila mtu kuuliza ethi iko wapi. Fanya hivi: azima mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti za AC, ncha moja ishike uzi wa gitaa na nyingine iguse wavu wa maiki, wewe mwenyewe ukiwa hujashika chochote cha chuma. Ukiona makumi ya volti, msiendelee kupiga mpaka fundi umeme mwenye leseni aje kuangalia soketi, ekstensheni na jenereta. Mwambie aweke na kikatizi cha miliampia 30 kwenye laini ya jukwaa, kile kinachozima umeme wenyewe unapovuja. Vyombo vyote vya jukwaani, amplifaya na mixer pamoja, vichukue umeme sehemu moja yenye ethi iliyopimwa.

Na kuna mtu atakushauri ukate pini ya ethi ya amplifaya ili mvumo upungue. Ni kweli wakati mwingine mvumo hupungua, ndiyo maana tabia hiyo haifi. Usikubali kamwe. Pini ile ndiyo inayoubeba umeme siku transfoma ya amplifaya ikiharibika, usipite kifuani kwako.

Sasa tuje kwenye gitaa. Maelezo yako yana dalili mbili nzuri sana, pengine bila wewe kujua: mvumo unapungua ukishika nyuzi, na unabadilika ukigeuka. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili na kuyaita mvumo mmoja. Ni mivumo miwili, inaingia kwa milango miwili, na hambaka inafunga mlango mmoja tu.

Wa kwanza ni ule unaopungua ukishika nyuzi. Nyaya za ukutani, taa na vifaa vingine vinatoa uga wa umeme, na mwili wako unaudaka kama antena na kuusogeza karibu na nyaya zilizomo ndani ya gitaa. Ukishika nyuzi, mwili unaungana na ethi na ile antena inakufa. Kwa hiyo kupungua kule ni habari njema: ule waya wa kwenye springi upo na unafanya kazi. Ungeniambia mvumo unaongezeka ukishika nyuzi, ningehisi nyaya mbili za jeki, tundu la kuchomekea kebo, zimefungwa kinyume, au ethi ya jengo haipo. Mlango huu unafungwa kwa kuvika matumbo ya gitaa karatasi ya shaba. Pikapu haihusiki.

Wa pili ni ule unaobadilika ukigeuka. Huo ni uga wa sumaku unaotoka kwenye transfoma, hasa ile ya amplifaya yako mwenyewe, na kwenye jenereta na taa za zamani za mirija. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na uga huo unageuka nao. Unapita kwenye karatasi ya shaba kana kwamba haipo. Huu ndio unaouliwa na hambaka.

Ili uone kwa nini, tazama pikapu ni kitu gani. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, kwa kawaida wenye unene wa milimita 0.063 hivi, mizunguko elfu saba au nane kwa pikapu ya Stratocaster. Sumaku inaufanya uzi wa chuma ulio juu yake uwe sumaku kidogo. Uzi ukitikisika, uga unaopita kwenye koili unabadilika, na palipo na badiliko la uga ndani ya koili panazaliwa volti. Koili haijui kama badiliko limeletwa na uzi wako au na transfoma ya jirani. Yote inayageuza kuwa sauti.

Mwaka 1955 mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliyeitwa Seth Lover aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili, ndiyo hambaka. Moja inazungushwa kinyume cha mwenzake, na sumaku zao pia zinatazama kinyume: huku kaskazini juu, kule kusini juu. Mvumo wa nje hauna habari na sumaku za pikapu, kwa hiyo unaingia kwenye koili zote mbili sawasawa, na kwa kuwa moja imezungushwa kinyume, mivumo miwili inafutana. Mlio wa uzi umegeuzwa mara mbili, mara ya kwanza na sumaku na mara ya pili na mzunguko wa waya, kwa hiyo unarudi ulivyokuwa na kujumlishwa. Nimefungua pikapu nyingi maishani na bado akili hii inanifurahisha.

Rafiki yako basi hajakosea kusema hambaka inaua mvumo. Anapokosea ni kwenye "kabisa", maana mlango wa kwanza utabaki wazi, na kwenye zile kilo-omu 16.

Ukinzani wa koili unakueleza urefu na unene wa waya tu. Fundi akitumia waya mwembamba zaidi kwa mizunguko ile ile, ukinzani unapanda na volti haziongezeki hata chembe. Aina ya sumaku, idadi ya mizunguko na umbali kutoka kwenye nyuzi vina sauti kubwa zaidi katika jambo hili. Kuchagua pikapu kwa kilo-omu ni sawa na kukisia ladha ya mchuzi kwa kupima uzito wa sufuria. Kilo-omu zina kazi moja ya maana kwako: kukuonyesha kama koili ni nzima. Yako inasoma 6, na pikapu ya koili moja ya kawaida inacheza kati ya 5.5 na 7. Koili zako hazina tatizo.

Lakini kuna jambo ambalo kilo-omu 16 zinaashiria kweli, nalo ndilo linalonifanya nikuzuie mkono. Mizunguko ikiwa mingi mno, koili inakuwa nzito kwa masafa ya juu, yaani sauti nyembamba zenye mng'ao. Uzito huo unapimwa kwa henri. Pikapu ya Stratocaster ina henri 2.4 hivi. Ikikutana na kebo ya mita 6, ambayo nayo hula masafa ya juu, inakuwa na kilele cha mlio kwenye hezi 3,500 hivi, na juu ya hapo sauti inaporomoka. Hambaka ya kawaida ya kilo-omu 8 ina henri 4 hadi 5, na kilele chake kinashuka hadi hezi 2,600 hivi. Hizo za kilo-omu 16 huweza kufika henri 8, na kilele kikaangukia hezi 2,000. Mpigaji wa roki anayetaka amplifaya ikoroge anazitaka hasa hizo. Wewe unapiga solo ya kwaya: noti fupi fupi juu ya shingo, safi, kila moja ikisikika peke yake katikati ya kinanda, ngoma na waimbaji thelathini. Huo mng'ao wa kati ya hezi 2,500 na 4,000 ndio unaolitoa gitaa lako mbele, nawe umeniambia kwamba mlio huo unaupenda. Ukifunga hizo hambaka utapata sauti kubwa, nene, iliyofunikwa, kisha utaanza kuongeza treble kwenye amplifaya kutafuta kitu ambacho pikapu haikutoa. Mimi nisingezifunga.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio hili. Weka gitaa karibu na amplifaya, pale linapovuma sana, halafu usogeze swichi taratibu nafasi zote tano. Kama mvumo unashuka ghafla kwenye nafasi ya 2 na ya 4, pikapu yako ya kati tayari imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa. Katika nafasi hizo mbili pikapu mbili zinafanya kazi pamoja kama hambaka, ila mlio unabaki wa koili moja. Stratocaster ya kwanza ya 1954 haikuwa na mpango huo. Swichi yake ilikuwa na nafasi tatu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati kutafuta mlio wa pikapu mbili, na kampuni ya Fender, watengenezaji wake, hawakuweka swichi ya nafasi tano kiwandani hadi 1977. Siku hizi hata magitaa mengi ya bei ndogo yanatoka na pikapu ya kati iliyogeuzwa. Lako likiwa hivyo, nafasi ya 4, yaani shingo na kati, inafaa sana kwa solo safi, na huenda jibu limekuwa mkononi mwako siku zote.

Kama mvumo haushuki, usikate tamaa, kwa sababu hapa gitaa la bei nafuu lina faida ambayo gitaa la gharama halina. Pikapu za gharama nyingi zina vijiti sita vya sumaku ya alniko vilivyochomekwa, na waya umezungushwa juu ya vijiti vyenyewe. Ukijaribu kuvitoa unakata koili. Pikapu za bei nafuu kwa kawaida zina vijiti vya chuma cha kawaida, na sumaku ni kipande cheusi cha seramiki kilichogandishwa chini kwa gundi. Kipande hicho kinaweza kubanduliwa na kugeuzwa, uso wa juu ukawa chini. Ukigeuza sumaku ya pikapu ya kati na kubadilishana nyaya zake mbili, ule wa moto uwe wa ethi na wa ethi uwe wa moto, umepata pikapu ya kati iliyogeuzwa kwa gharama ya gundi. Lazima ufanye yote mawili. Ukibadilisha nyaya peke yake, mvumo utafutika na mlio nao utafutana: utakuwa mwembamba, wa puani, kama redio ndogo. Thibitisha kwa dira ya mkononi: pikapu ya kati ivute ncha ya sindano ambayo zile mbili za pembeni zinaisukuma. Usitumie dira ya simu, sumaku ikikaribia sana inaivuruga. Wakati wa kubandua, pasha gundi joto kwa kikausha nywele na utumie kipande cha plastiki, kamwe usitumie bisibisi. Waya wa koili ni mwembamba kama unywele, na kuukwaruza mara moja tu ni kuiua pikapu.

Baada ya hapo, funga mlango wa kwanza. Fungua plastiki ya mbele, bandika karatasi ya shaba yenye gundi kwenye shimo lote na nyuma ya plastiki, vipande vikipandana, kisha vyote uviunganishe na mgongo wa poti ya volyumu kwa waya mmoja. Pima kwa mita: kona yoyote hadi kona nyingine ukinzani uwe karibu na sifuri. Kuna gundi za karatasi hizo ambazo hazipitishi umeme, kwa hiyo kila muungano uwekee tone la risasi ya kulehemia. Ukikosa ya shaba, foili ya alumini ya jikoni inafaa, ila risasi haiishiki; ikaze kwa skrubu na washa yake. Angalia pia miguu ya swichi na ya jeki isiguse shaba ukishafunga plastiki. Ikigusa, gitaa linanyamaza kabisa, na wengi hudhani wameunguza kitu.

Ukishamaliza haya, kaa mita mbili au zaidi kutoka kwenye amplifaya badala ya kuiegemea. Mvumo wa sumaku hupungua haraka sana kwa umbali, na hiyo ni bure.

Inawezekana bado utataka pikapu mpya. Hakuna ubaya, na sitaki udhani nakukataza. Kwa mlio wako ninazipa nafasi ya kwanza zile zenye umbo la koili moja lakini ndani zina koili mbili zilizopandishwa juu na chini. Zinaingia kwenye matundu uliyonayo bila kuchonga mbao, mvumo haupo, na mng'ao unabaki kwa sehemu kubwa. Sehemu kubwa, si wote. Sikio zuri litasikia kwamba kidogo kimepungua. Nafasi ya pili ni seti ya koili moja za alniko ambayo ya kati imegeuzwa. Mlio utakuwa mtamu kuliko wa seramiki, ila kwenye nafasi ya 1, 3 na 5 mvumo utabaki, maana koili moja ni koili moja hata ikitoka kwenye karakana bora duniani. Ya tatu ni hambaka moja tu upande wa daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, ya kilo-omu 8 hivi, kwa nyimbo zinazotaka uzito, na pikapu mbili za koili moja zibaki. Hiyo inadai plastiki mpya yenye tundu kubwa. Angalia pia mbao iliyo chini, kwa sababu magitaa mengine yamechimbwa shimo pana linaloipokea na mengine hayakuchimbwa. Achana na pikapu zinazotumia betri ya volti 9 kama EMG. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini zinataka poti za kilo-omu 25, na kuzichanganya na za kawaida kunaleta usumbufu usiouhitaji.

Kabla ya kununua, pima umbali kutoka kijiti cha uzi wa kwanza hadi cha uzi wa sita kwenye pikapu zako. Utakuta milimita 50 au 52, wakati mwingine tofauti kati ya shingo na daraja. Kifuniko kisicholingana na tundu la plastiki kitakulazimisha kupiga tupa.

Suala la poti wengi hulisahau. Gitaa lako lina poti za kilo-omu 250, au 500, imeandikwa mgongoni mwake. Poti ni mzigo juu ya pikapu hata ukiwa umefungua volyumu yote: ndogo inalainisha kile kilele cha mlio, kubwa inakiacha kisimame. Koili moja inapatana na 250, hambaka na 500, kwa sababu hambaka tayari ni nzito na haina mng'ao wa kupoteza. Ukichanganya zote mbili kwenye gitaa moja, weka poti za 500, kisha kila koili moja uipe rezista ya kilo-omu 470 kati ya waya wake wa moto na ethi. Koili moja itaona 242 hivi, na hambaka itaona 500 yake. Rezista hizo zinauzwa kwenye kila duka la vipuri vya redio. Kwa kapasita ya toni, ile yenye namba 223 inafaa hambaka na 473 ndiyo ya jadi kwa koili moja. Usilipe zaidi kwa kapasita ya kifahari. Thamani ikiwa ile ile, sikio halitaitambua.

Sasa kazi yenyewe, iwe unafanya wewe au fundi redio. Piga picha nyingi kabla hujagusa kitu, na chora mchoro wa nyaya kwa mkono wako, kwa sababu picha huficha waya uliopita chini ya mwingine. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya pikapu ili vumbi la chuma lisizivamie. Tumia risasi ya kielektroniki yenye dawa ndani na pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60. Dawa ya asidi ya mafundi bati italila gitaa lako polepole. Watu huogopa joto na kuchukua pasi dhaifu, na hapo ndipo wanapounguza poti. Mgongo wa poti ni kipande kikubwa cha chuma kinachonyonya joto, pasi dhaifu inaukaa sekunde ishirini na joto linaingia ndani. Pasi yenye nguvu inamaliza kwa sekunde tatu nne. Kwaruza mgongo huo kidogo kwa msasa kwanza, risasi itashika mara moja.

Rangi za nyaya usiziamini kwa mazoea. Hambaka ya Seymour Duncan yenye nyaya nne, nyeusi ndiyo ya moto, nyeupe na nyekundu zinaunganishwa pamoja, kijani ni ethi. Ya DiMarzio, nyekundu ndiyo ya moto, nyeusi na nyeupe zinaunganishwa, kijani ethi. Fundi aliyezoea moja akifunga nyingine kwa mazoea, pikapu inatoka na mlio wa kuku. Ukichanganya kampuni mbili, pima mwelekeo kabla ya kuzifunga: weka mita kwenye kilo-omu 20, ncha nyekundu kwenye waya wa moto na nyeusi kwenye ethi, kisha gusisha bisibisi ya chuma kwenye vijiti na kuivuta juu kwa ghafla. Namba itaruka kidogo kwenda juu au kushuka. Pikapu zote unazotaka zipige pamoja ziruke upande mmoja. Pikapu ya kati iliyogeuzwa vizuri nayo itaruka upande huo huo, kwa sababu imegeuzwa mara mbili. Kisha chomeka kebo na gonga kila pikapu kwa bisibisi, nafasi zote tano, kabla ya kurudisha skrubu na nyuzi.

Urefu wa pikapu umalizie mwisho. Bonyeza uzi wa sita na wa kwanza kwenye freti ya mwisho, na acha milimita 2 hadi 2.5 kati ya uzi na kijiti, upande wa shingo zaidi kidogo. Zikiwa karibu mno, sumaku za alniko huvuta nyuzi nene na noti za juu zinapiga kama zimetoka kwenye tuni. Nimeona watu wakibadilisha nyuzi na daraja kwa tatizo lililokuwa la skrubu mbili.

Fundi redio wako anaweza kazi hii. Mtu anayelehemu bodi za redio kila siku hashindwi poti tatu na swichi, ila mpe mchoro wako, na umwambie kuhusu waya wa koili. Mtafute fundi wa magitaa mwenyewe kama kuna mbao ya kuchonga, kama koili inasoma wazi kabisa kwenye mita, yaani waya wake umekatika, au kama pikapu inapiga mluzi ukiongeza sauti hata ukiwa umezishika nyuzi. Hiyo inataka kuchovywa kwenye nta, na joto likizidi nyuzijoto 65 hivi plastiki inapinda. Amplifaya msiifungue, wewe wala yeye, kama hajawahi kuzitengeneza. Ndani ya zile za vali kuna kapasita zinazoshika mamia ya volti hata plagi ikiwa imetolewa. Gitaa halina hatari hiyo, volti zake ni ndogo mno kukudhuru.

Na pikapu zitakazotoka, kama utazibadilisha, nenda nazo nyumbani, zimefungwa kwenye karatasi na kuandikwa ya shingo, ya kati na ya daraja. Zipige zile mpya kanisani mwezi mzima, na waimbaji wote wakiwepo, ndipo uamue kama zinabaki.